Bi Mwanawema na Filamu Aliyoipa Mgongo

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Mwanawema binti Matano ni kwamba aliketi akiipa televisheni mgongo.

Ilikuwa nyumbani kwa jirani yetu Bi Kijakazi, hapa Tibirinzi, Chake Chake, kisiwani Pemba, alipokuwa akimwoza binti yake. Wanawake tulijaa ukumbini tukichambua mchele, na televisheni ilikuwa ikionyesha tamthilia ya Kituruki iliyotiwa maneno ya Kiswahili. Kila mtu aliielekea, isipokuwa bibi mmoja mwembamba mwenye mtandio wa zambarau. Huyu alikiburura kigoda chake hadi mbele kabisa, akakigeuza, akakaa kututazama sisi. Nilidhani haoni. Nikainuka nimsaidie kugeuka.

Bi Kijakazi akanivuta nguo. "Mwache. Huyo ndivyo atazamavyo."

Nikarudi kukaa, nikastaajabu. Bila kugeuza shingo, yule bibi alijua kila linalotokea nyuma yake. "Mume kesharudi," alisema. "Na kesharudi na jambo. Mwangalieni huyu wa mlangoni alivyokaza mdomo, utadhani ndiye aliyeolewa naye." Ukumbi mzima ukacheka. Tamthilia ilipofika penye kilio, yeye alikuwa ameshatuambia tushike mitandio yetu.

"Bibi, kwa nini huangalii?" nikamuuliza wakati wa kula.

"Nimeshaangalia ya kunitosha," akanijibu. "Miye kazi yangu ilikuwa kuwaangalia waangaliaji."

Nimeamua kuandika habari za kazi hiyo kwa sababu nimekasirika, na sioni haya kusema hivyo. Nilimaliza chuo kikuu mwaka juzi. Nilifundishwa huko kwamba mwandishi mzuri huandika akiwa ametulia. Mimi bado sijatulia, na huyu bibi ana haki ya kuandikwa kabla sijatulia.

Marehemu mumewe, Nabhan, alikuwa dereva na fundi wa gari la sinema. Hilo lilikuwa gari lililozunguka vijijini zamani, likionyesha picha za kufundisha kilimo na afya, kisha filamu moja ya kuburudisha ili watu wasiondoke mapema. Siku moja mtaalamu wa uvuvi kutoka Japani, aliyekaa mji wa Mkoani kwa muda mfupi, alimwachia Nabhan sanduku la mbao lenye mikebe minne ya filamu. Jina la filamu hiyo kwa Kijapani sithubutu kulitamka. Hapa Pemba ilipewa jina la Bibi wa Chaza, kwa sababu inamhusu mwanamke anayepiga mbizi kutafuta chaza.

Mjapani yule alikuwa amempa Nabhan na kitu kingine, nacho ni habari moja iliyomfurahisha mno. Alimwonyesha kitabu cha kwao, akamwambia kwamba vitabu vyao hufunguliwa kutoka kulia, kama msahafu. Nabhan aliitangaza habari hiyo Chake nzima. Kwa hiyo alipofungua sanduku, akakuta mende wamekula karatasi zote zilizobandikwa juu ya mikebe, hakuona haja ya kumuuliza mtu. Mjapani ni mwenzetu, huanzia kulia. Akautoa mkebe wa kulia kabisa, akautia mkanda wake kwenye mashine, na baadaye akaendelea kwa utaratibu huo huo hadi wa kushoto.

Aliyeipanga mikebe ile, popote alipokuwa, alikuwa ameanzia kushoto.

Basi kwa miaka yote gari lilipokuwa likitembea, Pemba iliiona filamu hiyo mkanda wa mwisho ukitangulia na wa mwanzo ukimalizia. Hakuna aliyeshuku. Majina ya wachezaji yalipotokea karibu na mwisho, Bi Mwanawema anasema, watu waliona ni adabu njema: kazi kwanza, majina baadaye.

Kuonyeshwa kwake nako kulikuwa na desturi yake. Shuka nyeupe ilifungwa baina ya nguzo mbili. Wanaume walikaa upande wa mashine, wanawake upande wa nyuma, na picha ilipenya kitambaa ikawafikia wote. Nabhan alikuwa akieleza mambo kwa kipaza sauti huku amewaelekea wanaume, na wanawake waliambulia mvumo tu. Siku ya kwanza ya filamu ile walikuwa Micheweni, kwao Bi Mwanawema, naye alikuwa mke mpya aliyefuatana na mumewe kuwasalimia wazee wake. Shangazi zake walianza kulalamika. "Asema n'ni huyo mumeo?" wakamuuliza. "Mbona kaja kututia kiza bure?"

Mwanawema akasimama kuwaeleza. Lakini angesimama akaielekea shuka, sauti yake ingevuka kwa wanaume, na bibi harusi hakutakiwa kupayuka mbele za watu. Akaigeuzia shuka mgongo. Akawaelekea wanawake, akaanza kuwasimulia filamu asiyoiona kwa kuyasoma macho yao na mwanga uliokuwa ukiwacheza usoni. Kijapani hakukijua, wala hakuna aliyekijua. Kazi ya mbizi na chaza aliijua, maana ndiyo iliyomlea mama yake.

Filamu aliyoisimulia ni hii. Mwanamke mwenye nywele nyeupe, mrefu kuliko mnara wa msikiti, anatoka baharini na kukikanyaga kijiji kizima, kisha anazama. Katika mkanda wa pili tunamwona akiwa na kimo cha kawaida, nywele bado nyeupe, wanakijiji wanamfukuza kwa mawe na mumewe anamfungia mlango. Katika wa tatu anapiga mbizi, anaiona nyumba chini ya bahari na taa zake zinawaka, anatoka majini akitetemeka. Katika wa nne ni bibi harusi. Nywele ni nyeusi, anachanwa, ngoma zinapigwa, kijiji kizima kinakula.

Naomba msomaji aitazame hadithi hiyo kama walivyoitazama wanawake wa Micheweni. Aliyedhulumiwa amekivunja kijiji. Kijiji kimejutia dhuluma yake, kimemkumbuka alivyofukuzwa, kimemfuata hadi chini ya bahari, kimemrudisha, kimemuozesha upya. Penye mkanda wa tatu nywele huanza nyeusi na kumalizikia nyeupe, na wajuzi wa leo wangesema hapo msimulizi kanaswa. Hakunaswa. "Weupe ule ni chumvi," aliwaambia shangazi zake. "Katoka baharini, mwataka atoke vipi? Subirini aoshwe, asingwe kwa manukato." Mkanda wa nne ukaingia, na nywele zikawa nyeusi kama wino. Micheweni nzima ikapiga vigelegele, upande wa wanaume wakauliza kuna nini huko nyuma.

Tangu siku hiyo Nabhan hakwenda kijijini bila mkewe. Walivuka hadi kisiwa cha Makoongwe na mashine ndani ya mtumbwi. Mama wa mabibi harusi waliiomba filamu hiyo kwa jina. Hadi leo ukimtendea mwanamke wa makamo vibaya hapa kisiwani anaweza kukwambia, "Niache nitoke na chumvi yangu," nawe ukajua unaambiwa nini. Gari lilipokufa likaachwa liote kutu, Nabhan aliomba alibebe sanduku lake nyumbani. Mkewe akaliweka uvunguni, akajaza karafuu kavu baina ya mikebe, na kila msimu akamwaga za zamani na kutia mpya.

Hayo yote alinisimulia kwenye ukumbi wake, nami nikafanya wanavyofanya watu wa rika langu. Siku ya pili, tukiwa kwa Bi Kijakazi, nikatafuta kwenye simu.

Nilikuta ukurasa wa wapenzi wa filamu za kale. Walikuwepo Wajapani, Wafaransa, Wamarekani. Walikuwa wakiililia filamu moja ya mwanamke wa mbizi anayegeuka kuwa jitu. Kampuni iliyoitengeneza ilikwisha zamani na ghala lake likaungua. Zimebaki picha chache za mnato na tangazo moja lililochanika. Wengine waliipenda bila kuiona, wamechora nywele zile nyeupe kwenye fulana. Na juu ya ukurasa mtu aliandika kwamba filamu imepotea na hakuna aliye hai aliyeiona.

Hakuna aliye hai! Niliyasoma maneno hayo nikiwa nimekaa pembeni ya mtu aliyeisimulia mara zisizohesabika, jikoni kwa Bi Kijakazi ambako wanawake watatu walikuwa wakigombana ikiwa ngoma ya mkanda wa nne ilifanana na msewe, ngoma yetu ya Pemba, au haikufanana. Imepotea kwa nani? Kitu kikiwa Pemba kimepotea? Nililiuliza swali hilo peke yangu kwa sauti, Bi Kijakazi akanitazama kama mtu aliyepandwa na kitu.

Nikawaandikia. Niliwaeleza kwamba filamu yao ipo, ipo uvunguni kwa Bi Mwanawema binti Matano, Tibirinzi, Chake Chake, na kwamba inanukia karafuu.

Baada ya wiki chache akaja Maher. Ni kijana wa mjini Unguja, katibu wa kamati inayoandaa maonyesho ya sinema za kale, mpole wa maneno, shati limepigwa pasi. Alivaa glavu nyeupe kuigusa mikebe. Mkebe mmoja ulitoa harufu ya siki, dalili ya mkanda kuanza kuoza, mitatu ilikuwa salama kabisa, na Maher akatikisa kichwa. "Hii ni bahati tupu," alisema.

"Bahati?" Bi Kijakazi akadakia. "Bahati ndiyo iliyokuwa ikipiga magoti uvunguni kila msimu?"

Maher akacheka kwa adabu. Akaeleza kwamba mikanda itapelekwa kusafishwa na kunakiliwa, kisha itarejeshwa. Bi Mwanawema alimsikiliza hadi mwisho, akaishika mikono yake yenye glavu.

"Sikuuzii wala sikupi," akamwambia. "Nakukabidhi amana. Sema."

"Amana, bibi."

"Kijakazi kasikia?"

"Nimesikia. Na malaika wa kulia na kushoto wamesikia."

Kabla ya kuondoka, Maher alimwomba asimulie kidogo mbele ya simu yake, kwa ajili ya kumbukumbu. Bi Mwanawema akageuza kigoda, akaupa ukuta mgongo, akasimulia kuanzia jitu hadi harusi. Alikuwa amejifunga kanga mpya kwa ajili ya wageni. Sijapata kumwona akifurahi kuliko siku ile.

Video hiyo ilirudi Pemba kabla ya mikanda. Iliingia kwenye simu ya Bi Kijakazi ikitokea kwa jamaa yake wa Unguja, imekatwakatwa, imewekewa muziki wa vichekesho, na juu yake imeandikwa: Wapemba na filamu ya kinyumenyume. Chini yake watu walishindana kwa utani. Mmoja alisema ndiyo maana Wapemba hushuka ngazi kabla ya kupanda. Mwingine, kijana mwenye miwani, aliigiza jinsi bibi anavyosema *ntu* na *nke*. Watu wazima, wenye kazi zao na watoto wao, wanamcheka bibi wa watu aliyewavalia kanga mpya! Nilitaka kumjibu kila mmoja. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena.

"Kwanza huyu mwenye miwani, mjukuu wa nani?" Bi Kijakazi aliuliza, simu ameishika kama anayeshika panya. "Mwambie bibi yake mzaa mama ni wa Kengeja, aulize atajua. Atucheka siye na damu yake imejaa muhogo wa Pemba!"

Bi Mwanawema alikuwa akisuka ukili wa mkeka. Hakuinua macho. "Wameicheka filamu, au wamenicheka miye?"

"Wewe, bibi," nikasema, kwa kuwa sikujua namna ya kumdanganya.

"Afadhali. Filamu ni mgeni. Miye ni mwenyeji, ntavumilia."

Lakini ukili ule aliufumua ulipofika mwisho, akauanza upya, na nilijua kwamba havumilii.

Maher aliporudi alikuja na tangazo kubwa la rangi na doti ya kanga kama zawadi. Filamu imesafishwa, alisema, imeshasifiwa mbali, na sasa itaonyeshwa Pemba ilikookotwa, mbele ya wageni kutoka Japani. Niliusoma ule mstari wa chini kwenye tangazo: Imegunduliwa ghalani, kisiwani Pemba. Ghalani! Nyumba ya mtu aliyefagia na kufukiza udi kila Ijumaa imekuwa ghala, na mwenye nyumba hayumo hata kwa jina.

"Na miye ntasimama wapi?" Bi Mwanawema akauliza.

"Wewe utakaa mbele kabisa, bibi, kwenye kiti cha heshima. Tutakutaja, utawapungia watu mkono."

"Baada ya kupunga?"

"Utatazama, bibi. Ustarehe. Maneno yametiwa na msanii mmoja wa mjini, hodari sana. Kwa Kiswahili sanifu, ili kila mtu afahamu."

"Wa Micheweni hawakuwa wakifahamu?"

Nadhani Maher hakuwa mtu mbaya, na hilo lilizidi kuniudhi, maana mtu mbaya ungemjibu upesi. "Bibi, usinielewe vibaya. Sasa tunajua mpangilio wake. Mwanamke anaolewa kwanza, halafu anaiona nyumba ya baharini, nywele zinageuka, wanamfukuza, na mwisho analipiza kisasi. Hivyo ndivyo alivyotaka mtunzi. Nyinyi mlikuwa mkiiona kinyume."

"Lakini tulikuwa tukiiona," alisema Bi Mwanawema. "Nyiye mlikuwa mwaililia."

Kisha akamwomba jambo moja. Kwamba filamu ikimalizika kuonyeshwa kwa mpangilio wao, ionyeshwe tena kwa mpangilio wa Nabhan, na yeye asimulie. Hakuomba jambo jingine. Nilimtazama usoni alipokuwa akiomba. Alikuwa mtu aliyesimamishwa kazi yake siku gari lilipokufa, na hakuwahi kupewa nafasi ya kuwaaga watazamaji wake.

"Haiwezekani," Maher akajibu kwa upole ule ule. "Kutakuwa na wageni. Itakuwa aibu."

"Aibu ya nani?"

Akaanza kulikunja tangazo lake.

Bi Mwanawema akaikunja ile doti ya kanga kwa mikunjo yake ya asili, akamrudishia mkononi. "Basi nipe amana yangu."

Hapo Maher alibabaika. Mikebe ilikuwa Unguja, alisema, imepangwa kwenye kabati la kioo, italetwa siku ya maonyesho ili wageni waione, na baadaye kamati ingependa kuihifadhi mahali panapofaa. Huko uvunguni si mahali. Maneno hayo ya mwisho nilitamani asingeyasema. Bi Kijakazi alikuwa tayari anatafuta viatu vyake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Shehe Talib, aliyekuwa akisomesha watoto barazani kwake, nami nikamfuata. Shehe alimsikiliza, akauliza swali moja tu: kijana mwenyewe alitamka neno amana? Bi Kijakazi akaapa kwamba alilitamka kwa ulimi wake, glavu zikiwa mikononi. Shehe akavaa kofia yake akaja. Hakumgombeza Maher. Alimuuliza habari za wazee wake, akamuombea dua, kisha akamwambia kwamba amana hurudi kwa mwenyewe aliyeitoa, na mazungumzo mengine yote huja baada ya hapo, kama yapo.

Maher ni kijana wa madrasa, hata kama amesahau kidogo. Aliinamisha kichwa. Mikebe ilirudi kwa meli, imefungwa ndani ya sanduku lile lile la Nabhan, na nilimwona mwenyewe akilibeba begani kutoka kwenye gari hadi ukumbini kwa Bi Mwanawema. Karafuu zilikuwa zimetupwa. Bibi alitia nyingine mbele ya macho yake, kiganja kwa kiganja.

Ndipo wakazungumza. Kamati ilitaka mikebe ikae mezani siku ya wageni. Bi Mwanawema alitaka jioni yake. Shehe Talib alikuwa amekaa kati yao akinywa kahawa kama hasikii. Mwishowe Maher akakubali: Alhamisi ni yao, kwenye ukumbi, mbele ya wageni. Jumamosi ni ya bibi, kwenye uwanja wa Tibirinzi, na atapewa nakala ya filamu iliyogawanywa mikanda minne kama ilivyokuwa.

"Lakini nakwambia kweli, bibi," Maher alisema akiwa mlangoni. Alikuwa amechoka, na mpole bado. "Watu wakishaona Alhamisi jinsi mambo yalivyo hasa, nani atakuja Jumamosi?"

Neno hilo lilimwingia. Jioni hiyo hiyo Suhail, mpwa wake, mwenye banda la kuonyesha mpira, alikuja kutoa mashine na spika zake, na ingawa Jumamosi kuna mechi kubwa alikuwa amekwisha kuwatangazia vijana kwamba banda litafungwa. "Wamenitukana, shangazi, nikawaambia nendeni mkasikilize redioni kama babu zenu," alisema, akacheka mwenyewe. Bi Mwanawema hakucheka. Alimuuliza tu kama Wapemba wa leo, wenye simu mikononi, bado wana subira ya kusimuliwa. Suhail alijibu, "Inshallah," na alilitamka kama mtu asiye na hakika.

Alhamisi ilikuwa jana. Bi Mwanawema hakwenda. Alinituma mimi. "Usiangalie picha," aliniagiza. "Waangalie watu."

Kwa hiyo nilikaa pembeni, karibu na kiti cha heshima kilichobaki kitupu, nikawaangalia watu. Ukumbi ulijaa. Wageni kutoka Japani walikaa mbele, mmoja wao bibi wa makamo aliyelia tangu nywele za kwanza kuchanwa. Filamu ilikuwa safi kama maji ya kisima. Sauti ya msanii wa mjini ilikuwa nzuri, nakiri, ya kusomea taarifa ya habari. Wanawake wetu walitazama kimya, kwa heshima, kama watu wanaohudhuria hafla ya mkuu wa shule. Harusi ikapita mwanzoni. Nilimwona bibi mzee mmoja wa Makoongwe akiinua mkono kwenda mdomoni apige kigelegele, akatazama huku na huku, akaushusha. Mwanamke akapiga mbizi, akafukuzwa, akawa jitu, akakikanyaga kijiji, akazama. Maandishi ya Kijapani yakatokea. Taa zikawashwa. Wageni wakasimama kupiga makofi.

Wanawake wa Pemba hawakusimama.

Walibaki wamekaa, mikoba mapajani, macho kwenye ukuta mweupe. Maher alipanda jukwaani akashukuru watu, akawatakia usiku mwema. Wakaendelea kukaa. Mwishowe yule mzee wa Makoongwe akapaza sauti. "Mwanangu, hebu tia huo mkanda mwengine."

"Imekwisha, bibi."

"Imekwisha vipi, na nke wa watu yumo baharini?"

"Ndivyo ilivyo, bibi. Harusi ilikuwa mwanzo."

"Ah!" alisema yule mzee, akamgeukia jirani yake. "Wamemwacha na chumvi yake." Kisha, kwa sauti ya ukumbi mzima: "Mwanawema yuko wapi?"

Bi Kijakazi, aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu mwanzo, alisimama juu ya kiti. "Jumamosi, uwanja wa Tibirinzi, baada ya sala ya Isha! Asiyekuja asije akanambia hakusikia!" Na hapo ndipo wakainuka wote kwa pamoja.

Nilikwenda kumweleza asubuhi hii. Nilimkuta amekaa kitandani, mikebe iko miguuni pake.

"Walikaa?" aliniuliza kabla sijavua viatu.

"Walikaa, bibi. Filamu imekwisha na bado wamekaa. Wanangoja arudishwe."

Aliuvuta mtandio, akauweka sawa, akaniamuru nimchemshie tangawizi na asali kwa ajili ya koo, na nisimsemeshe mpaka kesho.

Sasa ni alasiri ya Ijumaa. Uwanjani Suhail na wenzake wamesimamisha nguzo mbili na kufunga shuka. Mikeka imeanza kuletwa, na watoto wametumwa waikalie isije ikahamishwa. Kutoka Micheweni wamepiga simu kuuliza kama gari zao zitapata pa kukaa, na yule bibi wa Japani amemwomba Maher amtafutie nafasi upande wa wanawake, nyuma ya shuka. Maher mwenyewe alipita na kile kiti cha heshima kichwani, akakiweka katikati ya upande wa wanawake, akakielekeza kwenye shuka kama kiti chochote cha mtazamaji.

Bi Kijakazi alimsubiri aondoke, akakishika kwa mikono miwili, akakigeuza.